Karatasi ya Duka la Ipinda

Mjukuu wangu anayefanya kazi Mbeya aliniuliza juzi kama kadi ya duka ni zawadi nzuri ya Krismasi. Alitaka kumpelekea mama yake, lakini aliogopa kuonekana mvivu, mtu aliyeshindwa kufikiri mwenzake anahitaji nini. Nilimwambia sijui, kwa kuwa kweli sijui. Nilipewa zawadi ya namna hiyo mara moja tu maishani, wakati wa Mwingereza, nikiwa na miaka mitatu ya ndoa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Haikuitwa kadi wakati ule. Ilikuwa karatasi yenye mistari, imekunjwa mara nne, na ilinitia katika taabu ambayo hadi leo namshukuru Mungu kwa kunitoa.

Mume wangu alikuwa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Krismasi iliyotangulia alituma kitambaa. Kilifika kwa baba yake, kama ilivyopasa, na baba yake akakigawa kama ilivyopasa: kipande kwa dada, kipande kwa shangazi, na mimi nikapata cha kufungia kichwa. Sikulalamika. Lakini mtu fulani lazima alimweleza, maana safari hii alifanya ujanja. Kule Chunya alikuwapo mfanyabiashara ambaye ndugu yake alikuwa na duka Ipinda. Mume wangu alimlipa yule wa Chunya, naye akaandika karatasi ya kupokelewa na yule wa Ipinda. Ililetwa na kijana wa jirani aliyekuwa anarudi nyumbani, siku nne kabla ya Krismasi, pamoja na barua.

Nilikuwa nimejifunza kusoma katika darasa la ubatizo, nikaisoma barua mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari. Aliandika kwamba zawadi hii haitagawanywa na mtu yeyote. Karatasi ilikuwa na jina langu. Lazima niende mimi mwenyewe, nichague ninachotaka, niweke dole gumba. Na mwisho wake ulikuwa mkesha wa Krismasi, kwa sababu mwenye duka alikuwa na desturi ya kufunga na kuvuka mpaka kwenda Karonga kwa ndugu zake.

Nilifurahi kwa muda wa kusoma barua mara mbili. Halafu nikakumbuka ni duka gani.

Kwetu mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke huingia kwenye migomba na kujifunika kichwa mpaka mzee apite, na mzee naye hugeuza uso. Ndiyo maana vijana wa zamani walijenga mbali na baba zao. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimemsikia baba mkwe wangu akikohoa tu. Naye alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka lile lile la Ipinda, kando kabisa ya mlango.

Nilimpelekea mama mkwe habari hiyo akiwa anachambua mchele. Alisikiliza barua yote, akapuliza makapi.

"Mwanangu huyu amesahau alikotoka," alisema. "Baba yake anadhani anashonea wapi, mawinguni?"

"Labda mama uende wewe."

"Nipe basi."

"Imeandikwa jina langu. Wanataka dole la mwenye jina."

"Madole yote yanafanana yakipakwa wino. Nitasema ni mimi."

"Mama, nitabatizwa baada ya siku nne. Siwezi kukutuma useme uongo."

"Basi kaa na ukweli wako na karatasi yako." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri. Nilimwuliza kama mzee asingeweza kuombwa abaki nyumbani siku moja tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ziwa linaweza kusogezwa kidogo. Ilikuwa wiki ya Krismasi, Ipinda nzima ilikuwa inashonewa nguo, na mzee alikuwa analala huko huko dukani ili asipoteze saa za asubuhi.

"Na utamwambia kwa sababu gani?" aliendelea. "Kwamba mwanawe amekukumbuka wewe, na yeye hakumkumbuka?"

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Niliifungua barua tena. Ilikuwa na salamu kwa baba, ndefu na nzuri. Kitu kingine kwa baba hakikuwamo.

Sasa niseme kwa nini sikuiacha karatasi ile ikapita na wakati wake. Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na wiki sita, kabla ya kubatizwa, kwa sababu mimi mama yake nilikuwa bado sijabatizwa. Mwalimu wa kanisa alinifariji kwamba yuko mikononi mwa Mungu, nami naamini hivyo. Lakini kuamini mchana ni rahisi kuliko kuamini mtoto wa pili anapoanza kupata homa. Mchungaji alifika kwetu mara chache kwa mwaka, na Krismasi hiyo angetubatiza mimi na mwanangu pamoja. Baada ya hapo angerudi Pasaka. Kati ya Krismasi na Pasaka kuna mvua zote za Kyela, na kila mama wa huku anajua mvua hizo huja na nini.

Na sharti lilikuwa moja ambalo sikuwa nimelitimiza. Kila mwanamke wa kubatizwa aje na gauni jeupe, refu, lenye mikono mirefu. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni kuangalia. Mara iliyopita wanawake wawili walirudishwa. Kuazima hakukuwezekana, kwa kuwa waliobatizwa waliyakunja magauni yao na kuyaweka sandukuni, wakisema watazikwa nayo. Nilikuwa nimetegemea kuuza mchele, lakini ule mchele tuliula. Karatasi ya Ipinda ndiyo ilikuwa gauni langu.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa kanisa. Nilimkuta anasafisha taa.

"Desturi hiyo haimo katika amri za Mungu," aliniambia. "Pita tu mlangoni, chukua kitambaa chako, rudi."

"Mwalimu, baba yako akija kukutembelea, mkeo anapita wapi?"

Alifuta kioo cha taa kwa muda. "Anapita nyuma ya jiko," alisema. "Lakini hilo ni jambo jingine."

"Ni jambo gani?"

"Ni heshima."

Hakuna aliyecheka, ila nilisikia mkewe huko jikoni ameacha kutwanga ili asikie vizuri. Nilimwomba basi aseme na mzee wa kanisa kuhusu gauni. Alinijibu kwamba mlango ni wa mzee wa kanisa, na kila mtu ana kazi yake. Akasali nami. Nilirudi nyumbani nikiwa na sala, bila njia.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilimfunga mtoto mgongoni, karatasi nikaitia kwenye kipande cha jani la mgomba lililopashwa moto ili isilowe, nikatoka kijijini kwetu Bujonde alfajiri. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyokata. Njiani nilikuwa najiambia kwamba Mungu akitaka mzee awe ameumwa tumbo, atakuwa ameumwa. Halafu nikaomba msamaha kwa kumtakia maumivu.

Niliisikia cherehani kabla ya kuliona duka. Ilikuwa inakwenda mbio, inasimama kidogo, inakwenda tena. Nilizunguka nyuma. Duka lilikuwa na mlango mmoja tu wa wateja, huko mbele. Nyuma kulikuwa na ua wa matete wa nyumba ya mwenye duka. Nikasimama nje ya ua, kichwa nimekifunika, nikiisikiliza ile mashine. Niliwaza kwamba anaposhona macho yake yako kwenye sindano. Nikikimbia wakati inalia, huenda nikapita. Nilihesabu pumzi zangu. Kila nilipotaka kuanza, ilinyamaza.

Sijui nilisimama muda gani. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala tena. Mwanamke mmoja alitoka uani kumwaga maji ya vyombo, nusura animwagie.

"Wewe unamkimbia nani?" aliuliza.

"Simkimbii mtu, dada."

"Asiyekimbia mtu hasimami kwenye maji machafu."

Alikuwa mke wa mwenye duka, mtu wa Karonga. Nilimwambia yule fundi ni nani kwangu. Sikuhitaji kuongeza neno, maana huko kwao nako wanajificha hivyo hivyo. Alinishika mkono, akanipitisha uani hadi chumba cha stoo kilichotenganishwa na duka kwa pazia la gunia. Nilikaa kati ya mifuko ya chumvi. Sauti ya cherehani ilikuwa karibu kiasi kwamba nililisikia kanyagio likigonga. Alimwita mumewe.

Mwenye duka aliingia na rula ya kupimia vitambaa mkononi, mtu mwenye haraka, kanzu imeingia vumbi. Alisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Karatasi ni ya ndugu yangu, mwandiko wake naujua," alisema. "Wewe sikujui."

"Ndilo jina langu hilo."

"Mwezi uliopita mwanamke alikuja na karatasi, akasema jina ni lake, akachukua vitu. Wiki ya pili akaja mwenye jina. Safari hii sitoi mpaka mtu ninayemwamini aniambie ni wewe. Nani anakufahamu hapa Ipinda?"

Nilifikiri. Wafinyanzi wa kwetu ufukweni, nilikozaliwa, walikuwa wanakuja na vyungu, lakini siku hiyo haikuwa siku ya soko.

"Fundi wako," nilisema.

"Vizuri sana. Aje akutazame, tumalize."

"Hajawahi kuniona."

"Ni baba wa mumeo?"

"Ndiyo."

"Na umeolewa lini?"

"Miaka mitatu."

Alikaa juu ya mfuko wa chumvi. Mkewe alimweleza kwa sauti ya chini. Nilimwona akipambana na hasira na kicheko kwa pamoja. "Yaani mtu pekee anayekujua hakujui," alisema. "Bibi, nina watu kumi na tano huko mbele. Rudi kesho na shahidi."

Kesho ilikuwa siku ya mwisho, na nguo haishoneki kwa usiku mmoja. Nililia, nakiri. Sikulia kwa sauti, lakini mtoto alisikia mgongo wangu unavyotetemeka, akaanza yeye kulia kwa sauti. Mke wa mwenye duka alimtazama.

"Huyu je?" aliniuliza. "Babu yake amemwona?"

Alikuwa amemwona. Mama mkwe alikuwa akimchukua kila mzee aliporudi nyumbani. Inasemekana alimpakata hata wakati wa kula. Kabla sijajibu, mwanamke yule alikuwa ameshaifungua mbeleko. Alimchukua mwanangu, akapita naye penye pazia, na mumewe akamfuata. Nilibaki na mikono mitupu, nikijua kwamba sasa siri ya barua imetoka, na siwezi kuirudisha.

Cherehani ilinyamaza.

"Fundi, unazaa uzeeni?" sauti ya mteja iliuliza, na wengine wakacheka.

"Nyamaza wewe." Hii ilikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. "Huyu ni wa kwangu. Ni mjukuu wangu. Amefikaje hapa?"

"Una hakika ni yeye?" aliuliza mwenye duka.

"Niulize kama nina hakika hii ni pua yangu. Mama yake yuko wapi? Ameugua?"

"Yupo salama, yuko ndani. Ameleta karatasi ya mwanao kutoka Chunya. Achukue nguo ya Krismasi."

Niliikumbatia mifuko ya chumvi. Nilijua anachokiwaza kama vile anasema, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameshaniambia.

"Na yangu?" mzee aliuliza.

"Hakuna nyingine, mzee wangu."

"Mwaka jana ilikuja kwangu."

"Mwaka huu imekuja hii."

Baadaye sana mume wangu alinieleza kwamba hakukusudia kumvunjia baba yake heshima. Alichagua duka lile kwa sababu ya baba yake: alidhani mzee akiwa mlangoni, hakuna atakayethubutu kunipunja. Alisahau kwamba mlango ukiwa na baba yake mimi siwezi kuupita. Mwanamume ambaye hajawahi kujificha kwenye migomba husahau kwa urahisi. Lakini siku ile sikuwa na maelezo hayo, wala mzee hakuwa nayo. Alikuwa na watu kumi na tano tu, wakimtazama.

Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Fundi, suruali yangu," mtu alisema.

"Suruali yako ina mguu mmoja. Haitakimbia."

"Nimengoja toka asubuhi."

"Ngoja tena. Nakwenda kutazama kama lori linakuja."

"Lori gani, mzee? Leo hakuna lori."

"Basi nakwenda kuona kwamba halipo."

Mke wa mwenye duka alirudi na mtoto, akanipa, akaliinua pazia. "Toka," alisema. "Amekwenda. Fanya upesi, maana watu wana njaa ya suruali zao."

Nilitoka mbele ya meza ya duka, kama mteja mwingine yeyote. Wateja walinung'unika, wakanipisha. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara mzee alikuwa amesimama mvuani, mgongo ameuelekeza kwetu, uso ameuelekeza upande ambako hakuna kitu kilichokuwa kinakuja. Sikupaswa kutazama. Nilitazama. Alikuwa mfupi. Shati lake lilikuwa limeshikana na mabega kwa maji, na kwenye bega moja kitambaa kilikuwa kimelika hadi ngozi inaonekana. Hakutafuta mahali pa kujikinga. Angekwenda chini ya paa la jirani, pengine angelazimika kugeuka.

"Unataka nini?" mwenye duka aliuliza. "Karatasi inasema uchague."

"Bafta nyeupe."

Alipima kwenye rula yake, akaniambia thamani ya karatasi inatosha wari tano. Wari tano ndizo nilizohitaji: mwili wa gauni, mikono mirefu, na kitambaa cha kichwa. Alikwisha kushika mkasi. Nilitazama tena nje. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na uchungu wa miaka, kwamba kila kinachotoka kwa mume wangu hupita mikono mingine kabla ya kunifikia. Sasa kilikuwa kimenifikia chote, kwa jina langu. Na yule ambaye zamani alikigawa alikuwa analowa ili nikichukue.

"Kata wari tatu," nilisema. "Zinazobaki nipe kaki ya shati. La mwanamume."

"La mwanamume gani?"

Sikujibu, kwa kuwa jina lake silitaji. Alifuata macho yangu.

"Karatasi inasema vitu ni vyako wewe," alisema, lakini taratibu.

"Inasema nichague. Nimechagua."

Alikata. Niliweka dole kwenye wino, nikaliweka kwenye karatasi. Kaki nilimwachia mkewe, nikamwomba ampe mzee mimi nikishaondoka. Nikapita uani. Nilipokuwa nimefika mbali kidogo niliisikia cherehani ikianza tena, na mtu akiuliza kuhusu suruali. Sikusikia jibu.

Nilishona kwa mkono siku iliyofuata yote, na mama mkwe akashika upindo wa pili. Alipoona wari ni tatu alihesabu kwa kiganja chake, akahesabu tena, akaniuliza nyingine ziko wapi. Nilimweleza. Aliendelea kushona. Gauni lilikuwa refu kama inavyotakiwa, lakini mikono iliishia juu ya kiwiko, na kichwani nilifunga kile kipande cha mwaka uliopita, ambacho hakikuwa cheupe.

Asubuhi ya Krismasi tulipanga mstari nje ya kanisa. Mbele yangu walikuwa wanawake sita, mikono yao imefunikwa hadi kwenye vifundo. Mzee wa kanisa alimtazama kila mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia apite. Mtoto wangu alikuwa na joto. Sikujua kama ni homa au ni jua, nilikuwa namgusa shingoni kila baada ya hatua. Nikafika mbele.

Mzee alitazama kilemba changu. Akatazama mikono.

"Tulisema mikono mirefu."

"Ndiyo, baba."

"Hukusikia, au hukupata kitambaa?"

"Nilipata. Sehemu yake nimempa baba mkwe wangu."

Mzee yule alikuwa na wana wanne waliooa. Alikuwa mtu wa sheria, na niliona kwamba anaitafuta sheria ya jambo hili na haioni.

"Amekipokea?" aliuliza.

"Sijui, baba. Siwezi kumwuliza."

Midomo yake ilicheza kidogo. Alitazama ndani, ambako mchungaji alikuwa amekwisha kuanza kuita majina, akatazama mtoto.

"Huyu ana homa?"

"Naogopa hivyo."

"Basi usisimame hapa," alisema, akasogea pembeni. "Pita. Ndaga." Hilo kwetu ni neno la shukrani.

Nilipita. Maji yalikuwa ya baridi; mwanangu alipiga kelele yalipomgusa, kelele za mtoto mwenye nguvu, nami nikainamisha kichwa kupokea yangu.